Tatu za Haraka

Laini ya mlimani ilikatika usiku wa dhoruba, na tangu hapo Kidole hakuwa mtu wa kusemeshwa. Alifika kazini, akavaa kisikilizio chake kichwani, akakaa kwenye kiti chake kirefu mbele ya ubao wa simu, na macho yake yakaenda kwenye kifuniko kimoja kidogo cha shaba, cha juu kabisa kushoto, ambacho hakikudondoka. Wateja wengine waliita, naye akawaunganisha kama kawaida, plagi huku na plagi kule, lakini roho yake haikuwepo. Roho yake ilikuwa huko mlimani, juu ya nguzo, pamoja na mdogo wake.

Tuseme ukweli, ubao wa simu wa siku zile haukuwa na akili hata chembe. Akili ilikuwa ya mwanamke aliyekaa mbele yake. Mteja akizungusha mpini wa simu nyumbani kwake, kifuniko chake kinadondoka ubaoni. Opereta anachomeka plagi kwenye tundu lililo chini ya kifuniko, anauliza, "Namba gani, tafadhali?" Kisha anachomeka plagi ya pili kwa yule anayetakiwa, anazungusha mpini wa mezani kwake kumpigia kengele, basi, watu wanaongea. Akitakiwa mtu wa mlimani, opereta wa chini anamwomba opereta wa juu, na yule wa juu anamalizia. Ndiyo kazi yenyewe. Waliosema ni kazi ya kukaa tu hawakuwahi kuwaona akina mama wale wakitoka jioni, wamepinda mabega kama waliobeba magunia.

Jina la Kidole alipewa na wenzake kwa wepesi wa mikono. Kulia kwake alikaa Mama Pacha, mama wa mapacha na mwenye mdomo wa kutosha watu wawili. Nyuma yao, kwenye meza iliyoinuliwa ili aone kila kisogo, alikaa msimamizi. Huyu waliyemwita Bi Kimya alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote, na kila aliyewahi kucheka chumbani mle alilijua. Mezani kwake palikuwa na swichi za kila kiti. Akibonyeza moja, anasikia kila unachosema, na wewe hujui. Opereta aliyekamatwa akipiga soga na mwenzake wa kituo kingine alirudishwa nyumbani bila maelezo mengi.

Kwa hiyo hawakupiga soga. Waligonga.

Ukigusa ncha ya plagi kwenye mdomo wa tundu, mwenzako aliye upande wa pili wa laini anasikia "tik" sikioni. Kwa msimamizi, tik ni kelele ya waya tu, na waya zina kelele nyingi. Kwa Kidole na opereta wa mlimani, tik ilikuwa lugha nzima. Huyo mwenzake alimwita Jirani, kwa kuwa walikaa kwenye ncha mbili za waya mmoja, naye alimwita Kidole hivyo hivyo. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Kidole hakujua kama Jirani ni mrefu au mfupi, lakini kwa mkono wake alijua ana mafua, amenuna, au amegombana na mumewe kabla ya kuja kazini.

Tik moja maana yake ilikuwa "nimepokea." Mbili za taratibu, zenye kimya kirefu katikati, zilikuwa msiba. Hiyo ya msiba haikuandikwa kwenye maelekezo yoyote ya kazi, ilianzishwa na maopereta wenyewe. Simu ya habari mbaya inapokuja, opereta wa juu anagonga mbili za taratibu, anataja namba, kisha anauliza, "Nani yuko karibu naye?" Hapo opereta wa chini hapigi kengele kwanza. Anampigia jirani wa nyumba ile, au mwenye duka la pembeni, anamwambia, "Hebu nenda ukakae na fulani, jifanye umepita tu." Akishahakikisha kuna mtu, ndipo anaunganisha. Walikuwa wameona mengi, wakakataa kabisa mtu apokee kifo akiwa peke yake na kipande cha chuma sikioni.

Halafu zilikuwepo tatu za haraka, walizozibuni wao wawili tu. Maana yake: "Tunasikilizwa. Nitakalosema sasa ni la masikio ya bosi, wewe ligeuze." Hizo ziliwachekesha sana. Kuna siku Jirani aligonga tatu za haraka kisha akasema kwa sauti ya unyenyekevu, "Msimamizi wetu ni mama mwenye huruma, hajawahi kutufokea." Kidole alijing'ata mdomo mpaka machozi yakamtoka. Lakini walikuwa wameapiana pia, na kiapo hicho hakikuwa cha mzaha. Bila tatu za haraka, neno lolote kati yao ni kweli tupu. Wa kudanganywa ni wasikilizaji, wao wawili kamwe.

Sasa huyo mdogo wake.

Wazazi wao walikufa mapema, na Kidole alimlea yule kijana tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa mtoto wa kupanda kila kitu, kuta, mapaa, magari ya watu, mpaka mtaa mzima ukamwita Kindi. Alipokua, Kidole alimwombea kazi kwa mkuu wa mafundi, akisema, "Huyu mpandishe nguzo, maana chini hakai." Wakampandisha. Akawa fundi wa laini bora kuliko wote, na dada yake hakulala vizuri tena mvua ikinyesha.

Kindi alipomaliza kutengeneza laini alikuwa na desturi yake. Akiwa bado juu, anaunga simu yake ya kubebea kwenye waya na kupiga kwa mtindo wake mwenyewe, mbili fupi na moja ndefu, ili dada ajue ni yeye. Na dada alikuwa na desturi yake ya kujibu. Ukutani, juu ya saa, palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa herufi nyekundu: FUNDI AKIWA NGUZONI HAPIGIWI KENGELE. Maana ukizungusha mpini, umeme wa kengele unakwenda mpaka kwenye waya, na aliyeshika waya utamuuma. Haumuui mtu, lakini unamrusha. Kidole alikuwa akizungusha mpini kidogo tu, robo ya robo, kiasi cha kumtekenya. Ndipo anasikia kelele kutoka juu ya nguzo: "Dada! Umenifinya!" na kicheko cha kuvunja mbavu.

Kisa chake ni cha zamani. Kindi alipokuwa mdogo alikuwa mzito wa kuamka, na dada yake alimwamsha kwa kumfinya sikio. Finyo ile ya mpini ilikuwa ni ile ile ya asubuhi za zamani. Kidole alijua anavunja sheria. Alijua pia kwamba Kindi, siku asipofinywa, anauliza, "Vipi, umenikasirikia?"

Basi, dhoruba ilipokata laini, Kindi ndiye aliyetumwa kuitengeneza, na asubuhi moja, siku kadhaa baadaye, mvua ilikuwa imekata. Barabara chini ya dirisha ilikuwa na matope mekundu, na dari ya chumba cha simu ilikuwa bado inavuja kwenye karai waliloliweka katikati ya sakafu. Bi Kimya mwenyewe alikuwa ameliinua lile karai kwenda kulimwaga nje, akinung'unika kwamba ofisi imegeuka kisima. Ndipo kifuniko cha juu kushoto kikadondoka.

Mbili fupi na moja ndefu.

"Ndiye!" Mama Pacha akaruka kitini. "Kidole, ndiye!"

Kidole alikuwa ameshachomeka plagi. Sikioni ulivuma upepo, na katikati ya upepo sauti ya Kindi, ya mbali na ya furaha, yenye meno yanayogongana kwa baridi.

"Dada! Mlima umerudi! Ila leo usi..."

Mkono wa Kidole haukungoja. Siku zote zile za hofu zilikuwa zimejaa mkononi mwake, nazo zikatoka zote kwa pamoja. Hakuzungusha robo ya robo. Alizungusha mpini mzunguko mzima, wa moyo wote, kisha akausikiliza waya huku akitabasamu, akingoja kelele yake.

Waya ulikwaruza, kisha ukatulia.

"Kindi? Umenuna?"

Kimya.

"Amenuna," Kidole akamwambia Mama Pacha, akicheka huku akijifuta macho. "Nimemfinya sana leo. Amechomoa simu yake, ameteremka."

"Muache anune, bora mzima," alisema Mama Pacha.

Mara kifuniko kile kile kikadondoka tena, na sauti ya Jirani ikaingia, "Jirani, mko hai huko?" na nyuma yake wakaja watu wote wa mlimani waliokuwa wamefungiwa na dhoruba. Aliyetaka dawa, aliyetaka kujua kama watoto wamefika, mwenye mbao zilizokwama njiani. Plagi zilipishana ubaoni kama sindano za mfumaji. Kidole aliimba chini kwa chini, na Bi Kimya aliyerudi na karai lake akasema neno lake, lakini bila ukali. Hata yeye alikuwa amefurahi.

Saa ya chai ilikuwa inakaribia pale Kidole aliposikia mkono wa Jirani.

Tik.

Kimya kirefu.

Tik.

Kidole akashika kalamu. "Namba, Jirani?"

Jirani hakutaja namba. Alisema, "Nipe meza ya msimamizi wako."

Kidole akageuza shingo taratibu. Bi Kimya alikuwa ameinamia saa yake ya mkononi, anaipulizia kioo na kukifuta kwa ncha ya kitambaa. Mama yake mzazi aliishi mlimani, bibi wa miaka mingi asiyesikia vizuri, na kila Jumapili Bi Kimya alimpigia simu. Ndiyo ilikuwa mara pekee katika juma watu walipomsikia akipiga kelele chumbani: "Mama! Umekula? Nimesema, UMEKULA?"

"Nani yuko karibu naye?" Jirani akauliza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mimi nipo, na Mama Pacha yupo," Kidole akanong'ona. "Usiwe na wasiwasi, hatutamwacha."

"Mama Pacha asiondoke," Jirani akasema. "Tafadhali, jirani yangu. Asiondoke."

Jambo la kwanza Kidole alilolisikia moyoni lilikuwa ahueni. Si wangu. Wangu ameshateremka, amenuna, anakunywa kitu cha moto mahali. La pili lilikuwa aibu, na aibu ile ndiyo iliyomwinua kitini. Mwanamke huyu alikuwa amemfokea miaka nenda miaka rudi, lakini mama ni mama.

"Mama yake Bi Kimya," alimnong'oneza Mama Pacha.

"Uwii! Na jana nimemsengenya mpaka koo likanikauka," Mama Pacha akasema, akafunga mdomo kwa kiganja.

Kidole alijaza glasi ya maji, akaenda nayo kwenye meza iliyoinuliwa, akaiweka mbele ya msimamizi wake. Bi Kimya aliitazama ile glasi, kisha akamtazama yeye.

"Nimeomba maji mimi?"

"Kunywa tu, Bi. Joto leo."

"Joto gani na baridi yote hii? Wewe una akili timamu?"

Kidole akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya tangu kituo kifunguliwe. Alimwekea Bi Kimya mkono begani. "Kuna simu yako kutoka mlimani. Kaa vizuri, mama yangu."

Bi Kimya hakuwa mjinga. Aliwahi kuwa opereta kabla hawajampa meza, na zile mbili za taratibu zilikuwa za zamani kuliko wote mle ndani. Midomo yake ikatamka neno "Mama" bila sauti.

"Mimi sijui lolote, Bi," Kidole akasema. "Ila niko hapa. Siendi popote." Akamwashiria Mama Pacha aunganishe, naye akabaki amesimama pale pale, mkono begani.

Bi Kimya alisikiliza. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ndiye mimi." Kisha akasema, "Nani?" Kidole akahisi bega lile likilegea chini ya kiganja chake, kama mtu aliyetuliwa mzigo, halafu papo hapo likakakamaa kuwa gumu kama ubao. "Una hakika? Amethibitisha nani?" Akasikiliza tena, muda mrefu. Hakulia. Alishusha kisikilizio, akakiweka mezani kwa uangalifu kama kitu kinachovunjika, na hakuinua macho. Akanyoosha mkono, akaisukuma ile glasi ya maji, taratibu, juu ya meza, mpaka ikafika mbele ya Kidole.

"Kaa, mwanangu," alisema.

Kidole aliitazama glasi. Aliitazama kama hajawahi kuona glasi maishani. Nyuma yake alisikia kiti cha Mama Pacha kikikwaruza sakafu, na mikono ya Mama Pacha ikamshika kiuno, na hapo tu, kwa ile mikono, ndipo akaelewa. Mama Pacha asiondoke. Aliyekuwa anaulizwa habari zake, ni nani aliye karibu naye, alikuwa ni yeye. Alikuwa amejiandalia maji ya msiba wake kwa mkono wake mwenyewe.

"Si yeye," alisema. "Amenipigia asubuhi. Mama Pacha ni shahidi. Mbili fupi na moja ndefu. Amepiga, ameniita. Si yeye, Bi. Watakuwa wamemchanganya na fundi mwingine."

"Ndiye. Mwenzako amemwona kwa macho yake, walimlaza kwanza mbele ya kituo chao." Bi Kimya alizungumza kwa sauti ambayo hawakuijua, ndogo, isiyo na makali. "Ni nguzo ya kwanza kabla ya kufika kituoni. Wachimba mfereji walimkuta chini, ameshakata roho. Alianguka asubuhi, wanasema, mara tu laini iliporudi. Simu yake ya kubebea bado inaning'inia juu kwenye waya. Hakuwahi kuichomoa."

Vifuniko viwili vikadondoka ubaoni. Hakuna aliyevijibu.

Hakuwahi kuichomoa.

Kidole akaisikia upya ile sauti yenye meno yanayogongana. Ila leo usi. Leo usi. Alikuwa ameyasikia maneno yale asubuhi na hakuyasikia. Alifikiri ni deko. Kindi alikuwa amelowa, ameshikilia chuma kilicholowa, na alikuwa anasema, dada, leo usinifinye.

"Nilimpigia kengele," alisema.

"Nyamaza," Mama Pacha akasema upesi, akimkumbatia kwa nguvu. "Amechanganyikiwa, Bi, usimsikilize. Hajui anachosema."

"Nilimpigia kengele. Mzunguko mzima. Alikuwa juu na mimi nikazungusha mpini."

Bi Kimya aligeuka akakitazama kile kibao cha herufi nyekundu, yeye aliyekiagiza, yeye aliyekuwa akikisoma kwa sauti kila mwanzo wa juma. Kila mtu chumbani alijua kinachofuata. Kwa kosa hilo mtu hakufukuzwa tu, alipelekwa mbele ya wakubwa, na kwa sababu kuna maiti, pengine mbele ya hakimu. Mama Pacha alianza kulia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia kimya.

"Sikiliza," Bi Kimya akasema mwishowe, akimshika Kidole kidevu kama mtoto. "Sikiliza, mwanangu. Ulimpigia, sawa. Lakini kuanguka kunaweza kuja na sababu zake. Nguzo zimeoza, kumelowa, kijana amechoka. Laini ile inafika pia kwa mwenzako. Kama alimpigia yeye baada ya kengele yako, basi kengele yako haikumfanya lolote. Muulize. Muulize sasa hivi, nami nitasikiliza kwa masikio yangu, ili wakubwa wakiniuliza niwe na la kusema."

Alikuwa anaomba, yule mwanamke. Macho yake yote yalikuwa yanaomba.

Wakamsaidia kurudi kitini. Vidole vilivyompa jina vilikuwa vinatetemeka kiasi kwamba plagi ilikosa tundu, ikalikosa tena, mpaka Mama Pacha akamshika mkono akamwongoza. Bi Kimya akavaa kisikilizio chake mezani, akabonyeza swichi.

"Jirani," Kidole akasema.

"Jirani yangu. Pole. Pole, mama. Nimekaa naye mpaka walipompeleka. Hakuwa peke yake."

"Nataka kukuuliza kitu. Bi yuko hapa, anasikiliza. Asubuhi Kindi alinipigia, nami nikampigia kengele. Nilimfinya. Ulikisikia kifuniko chako kikidondoka?"

"Nilikisikia."

"Baada ya hapo, alikupigia wewe? Ulimsikia tena? Niambie ukweli, Jirani. Nakuomba."

Kidole alisikia pumzi ya mwenzake ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, umbali wote ule, kupitia waya ambao mdogo wake aliuunga kwa mikono yake. Maji ya dari yalidondoka kwenye karai.

Tik, tik, tik.

"Waya bado una maji," Bi Kimya alinong'ona nyuma, akisogeza kisikilizio vizuri.

Kisha sauti ya Jirani ikaja, safi, iliyonyooka, sauti ya kazi. "Alinipigia, ndiyo. Baada ya kengele yako. Alikuwa anacheka. Alisema, dada amenifinya tena, nitamlipiza nikirudi. Aliongea nami vizuri kabisa. Atakuwa ameteleza baadaye, wakati wa kushuka."

Maisha yake yote Kidole alikuwa amewatukana mafundi kwa ajili ya laini zenye kelele. Sasa alitamani, kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, kwamba waya uwe mbovu kweli, umejaa maji, na tik zile ziwe ni za matone tu, si za mkono wa mtu.

"Sijasikia vizuri," alisema. "Rudia."

Alidhani Jirani amekata. Kisha zikaja, za haraka, nyepesi, kwa ule mkono alioujua kuliko anavyoijua sura yake kwenye kioo.

Tik, tik, tik.

"Alinipigia baada yako," Jirani akasema, na safari hii sauti ya kazi ilipasuka katikati. "Alikuwa anacheka. Si wewe, jirani yangu. Mwambie na Bi aandike hivyo. Si wewe."

Nyuma yake Kidole alisikia kisikilizio kikiwekwa mezani na viatu vya Bi Kimya vikishuka upesi kutoka kwenye jukwaa. Bi Kimya alimkumbatia mbele ya watu wote, kifua kizito kikimtetemekea mgongoni, huku akilia waziwazi. "Umesikia? Umesikia mwenyewe, mwanangu? Si wewe. Mungu mkubwa. Alikuwa anacheka, mtoto wa watu. Si wewe!" Mama Pacha naye akapiga magoti, akashukuru, akamshika miguu. Vifuniko viliendelea kudondoka ubaoni kimoja kimoja, watu wa mjini wakitaka namba zao.

"Nimesikia," Kidole alisema.

Kwenye laini Jirani alikuwa bado hajaondoka. Hawezi kuondoka kabla hajajibiwa, ndiyo desturi. Kidole akainua plagi ya pili. Mkono wake ulikuwa umeacha kutetemeka. Akaisogeza ncha yake kwenye mdomo wa tundu la juu kabisa kushoto, akagusa mara moja.

Nimepokea.